Pikipiki ya Umeme na Mwenye Nyumba Mbili



Tangu mwezi Januari mwaka 2025 jirani zetu wa Rwanda hawaandikishi tena pikipiki mpya ya petroli kwa kazi ya kuchukua abiria katika mji wa Kigali. Mwaka mmoja kabla ya hapo Ethiopia ilikuwa imekwisha kupiga marufuku kuingizwa nchini mwake kwa motokaa za watu binafsi zinazotumia mafuta. Hapa Uganda hatujafika huko, lakini pikipiki za umeme zinaonekana kila siku katika barabara za Kampala, zikipita bila mlio wala moshi. Wanaozinunua wengi ni vijana wa bodaboda. Hata hivyo limeanza kusikika swali kutoka kwa watu wa namna nyingine kabisa: mtumishi, mwalimu au mfanya biashara mwenye chumba chake mjini na nyumba yake nyumbani, ambaye kila Ijumaa jioni huenda kwa jamaa yake na kila Jumatatu alfajiri hurudi kazini. Je, mtu huyu naye anunue?

Swali hilo linafaa kujibiwa kwa utulivu, kwa sababu sifa zote zinazotangazwa juu ya pikipiki hizi zimetokana na kazi ya bodaboda, na mwenye nyumba mbili hafanyi kazi hiyo. Kijana wa bodaboda huzunguka mjini siku nzima, huenda taratibu, husimama mara kwa mara, wala haendi mbali na mahali anapoweza kupata betri nyingine. Mwenye nyumba mbili hufanya safari moja ndefu katika barabara kuu, kwa mwendo wa kasi, kisha pikipiki yake hukaa. Chombo kinachomfaa wa kwanza chaweza kumwacha wa pili njiani usiku.

Tuchukue mfano wa safari ambayo maelfu ya watu wanaijua, yaani kutoka Kampala hadi Jinja, kilomita 80. Msafiri hupita Mukono penye kilomita 21, halafu Lugazi penye mashamba ya miwa, halafu msitu wa Mabira, halafu Njeru, na baada ya daraja la mto Nile huwa amefika. Inafaa kukumbuka, tena kwa fahari kidogo, kwamba umeme wenyewe watoka huko huko Jinja. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Baadaye yalijengwa mabwawa mengine katika mto huo huo: Kiira, Bujagali mwaka 2012, Isimba mwaka 2019, na Karuma yenye megawati 600 iliyozinduliwa rasmi mwezi Septemba mwaka 2024. Leo mitambo yetu yote kwa jumla yaweza kutoa zaidi ya megawati 2,000, na usiku wa manane, watu wakiwa wamelala, sehemu kubwa ya nguvu hiyo haina wa kuitumia. Saa hizo ndizo pikipiki ya umeme inapotakiwa kujazwa.

Petroli, kwa upande wake, haitoki kwetu. Hutoka ng'ambo, hushuka Mombasa, hupita Kenya yote na kuingia kwa malori penye mipaka ya Malaba na Busia. Wazee wanaukumbuka mwaka 1976, mafuta yalipozuiliwa wakati wa ugomvi wa serikali ya Idi Amin na serikali ya Kenya. Wenye umri wa kati wanaukumbuka mwezi Januari mwaka 2008, fujo zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilipoifunga njia hiyo. Hata vijana wanaukumbuka mwezi Januari mwaka 2022, madereva wa malori walipogoma mpakani kwa sababu ya malipo ya kupimwa korona, na petroli ikaadimika na kupanda bei mno, hasa mikoani. Basi mtu anapoifikiria pikipiki ya umeme huwa hafikirii ubahili peke yake. Anafikiria pia kama ataweza kuwaona watoto wake siku ambayo njia ya Malaba imefungwa.

Hayo yote ni kweli, nasi tunayaunga mkono. Lakini mto Nile hauwezi kumsukuma mtu hadi nyumbani kwake ikiwa betri imemwishia katikati ya Mabira. Kwa hiyo tuieleze betri.

Kila mwenye mita ya Yaka nyumbani anajua uniti ni nini, maana ndicho kitu anachokinunua. Lita moja ya petroli ina nguvu ya kama uniti 9. Betri ya kawaida ya pikipiki ya umeme huchukua uniti 3 hivi, nayo ina uzito wa kilo 20 na zaidi. Msikilizaji atashangaa: inakuwaje chombo chenye nguvu ya theluthi moja ya lita kitembee hata kilomita 10? Sababu ni kwamba injini ya petroli huitupa karibu robo tatu ya nguvu yake kwa njia ya joto, ndiyo maana bomba lake la moshi huunguza mguu, hali mota ya umeme huipeleka zaidi ya nne ya tano kwenye gurudumu. Kwa hiyo uniti moja katika mota huenda mbali. Pamoja na hayo, tangi la lita 11 humpeleka mtu Jinja na kumrudisha zaidi ya mara mbili, na betri hiyo haina akiba ya namna hiyo.

Sasa inakuja habari ya mwendo, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosa kuuliza. Hewa ni mzigo. Mtu aendaye polepole haisikii, lakini kadiri anavyoongeza mwendo ndivyo hewa inavyomsukuma kwa nguvu, tena kwa kiasi kinachopita kile alichoongeza. Akiuzidisha mwendo mara mbili, msukumo wa hewa huzidi mara nne. Kwa hesabu ya kukadiria, pikipiki ya kawaida yenye mtu mmoja na mfuko wake, ikienda kilomita 50 kwa saa, hutembea kama kilomita 32 kwa uniti moja. Ikienda 60 kwa saa, hutembea kama kilomita 25. Ikienda 80 kwa saa, ambao ndio mwendo wa watu wengi barabara ikiwa nyeupe, uniti moja humalizika katika kilomita 16 hivi.

Msikilizaji na achukue kalamu. Betri ya uniti 3 haitumiki mpaka tone la mwisho. Tuseme hutumika uniti 2 na sehemu 7. Aendaye kwa kilomita 50 atapata kilomita 86, naye atafika Jinja na kubakiwa na kidogo sana. Aendaye kwa 60 atapata 67 au 68. Atakuwa ameutoka msitu wa Mabira, lakini Njeru hajaiona. Aendaye kwa 80 atapata 43, na hata Lugazi hajafika. Ni pikipiki ile ile, betri ile ile na barabara ile ile. Muuzaji aliyemwambia kwamba inakwenda kilomita 80 hakusema uongo. Alitaja kipimo cha mjini. Tena milima haijahesabiwa. Kila mita 100 za kupanda hula chakula cha karibu kilomita 2, na mteremko haurudishi chote kilicholiwa. Akimpakia mkewe na mkungu wa matoke, hesabu huharibika zaidi.

Pengine mtu atasema, basi nitakwenda kwa 50. Safari itachukua saa moja na dakika 36 badala ya saa moja, na dakika 36 si kitu. Kwa upande wa betri amesema kweli. Kwa upande wa barabara hatukubaliani naye hata kidogo. Barabara ya Jinja ndiyo njia ya matrela yote yatokayo na yaendayo Malaba. Ni njia ya mabasi ya usiku na ya taksi za abiria 14 zinazokimbizana. Pikipiki inayokwenda kwa 50 ndani ya Mabira wakati wa magharibi, huku trela limeikaribia nyuma na jingine linakuja mbele, imo hatarini, na aghalabu mwenye pikipiki hulazimika kushuka kwenye ukingo wa lami. Betri inamtaka aende polepole, nayo barabara inamtaka aende na wenzake. Shauri hilo halimalizwi kwa ushujaa. Humalizwa kwa kununua betri kubwa, au kwa kupita njia ya Kisoga na Nyenga, ambayo ni ndefu kidogo lakini haina matrela mengi kiasi hicho, au kwa kusafiri mchana.

Kwa maoni yetu, mtu wa safari ya kilomita 80 asichukue pikipiki yenye uwezo wa chini ya uniti 4 na nusu, ama katika betri moja ama katika betri mbili zinazobebwa pamoja. Tumefikaje hapo? Kilomita 80 kwa mwendo wa 60 hutaka uniti 3 na sehemu 2. Juu yake inawekwa akiba ya upepo wa mbele, mvua na mzigo. Halafu yafaa kukumbuka kwamba betri huzeeka: baada ya miaka kadhaa itabakiwa na kama nne ya tano ya nguvu yake ya awali, hali safari haitafupika. Mwenye nyumba ya pili Mukono au Lugazi hana haja ya kuhangaika hivyo. Betri ya uniti 3 yamtosha, mradi apate mahali pa kujaza kabla ya kurudi. Mwenye nyumba Buwenge, kilomita zaidi ya 25 kupita Jinja, huyo aendelee na petroli kwanza, au akubali kupumzika Jinja saa kadhaa akijaza.

Liko jambo jingine ambalo wanunuzi hulipita haraka, nalo ni kuuliza betri ni ya nani. Kampuni nyingi za pikipiki za umeme katika nchi zetu huuza pikipiki bila betri. Betri hubaki mali ya kampuni. Mpanda pikipiki hupeleka iliyokwisha kituoni, hupewa iliyojaa, hulipa, na kwa dakika chache yuko barabarani. Kwa bodaboda mpango huu ni mzuri sana, kwani kijana hapotezi saa za kazi wala habebi hasara ya betri kuzeeka. Kwa mwenye nyumba mbili una kasoro tatu. Vituo vimesongamana Kampala na pembeni mwake, wala havikupangwa kwa ajili ya safari ya Ijumaa. Pili, betri hiyo kwa kawaida haruhusiwi kuijaza nyumbani kwake, basi ule umeme wa usiku wa manane haumfaidii chochote. Na kampuni ikihama au ikifunga milango, atabaki na fremu, magurudumu mawili na taa. Kabla ya kuweka sahihi yake mtu na aende mwenyewe kwa taksi mpaka Jinja, ahesabu vituo vya betri alivyoviona kwa macho kando ya njia. Asikubali kuonyeshwa ramani ya vituo vitakavyojengwa.

Anayenunua pamoja na betri yake ana kazi nyingine, yaani kutengeneza pa kujazia katika nyumba zote mbili. Hapa mambo ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Chaja ya kawaida huvuta umeme pungufu kidogo ya pasi, na betri ya uniti 3 hujaa kwa muda wa saa 4 hivi. Ya uniti 4 na nusu hutaka saa 6. Soketi ya ukutani yatosha, lakini iwe imefungwa na fundi wa kweli, yenye waya wa ardhi, wala isiunganishwe kwa nyaya nyembamba zilizopitishwa dirishani. Inafaa pia kununua chaja ya pili ikae nyumbani, maana anayebeba chaja moja huku na huku ipo siku ataisahau. Umeme ukikatika Jumapili usiku, kama unavyokatika, mwenye busara huwa alikwisha kujaza tangu Jumamosi. Na kama hakai nyumbani kwa majuma mengi, betri isiachwe imejaa kabisa wala tupu. Iachwe nusu, mahali pa baridi, mbali na jua la mabati.

Je, kijijini kusikofika nyaya? Watu wengi wa Busoga wanaishi karibu na mabwawa hayo na bado usiku wanawasha taa ya mafuta au ya jua. Paneli moja ya wati 300, siku ya jua zuri, hutoa kama uniti moja na zaidi kidogo. Kwa hiyo mtu aliyefika Ijumaa usiku na anayeondoka Jumatatu alfajiri ana siku mbili tu za jua, nazo zitampa uniti mbili na kitu. Safari ya kurudi hutaka zaidi ya uniti 3. Atahitaji paneli mbili au tatu za namna hiyo, na chombo cha kuunganisha paneli na chaja yake, na hapo gharama hupanda. Petroli, pamoja na ubaya wake wote, huuzwa hata katika chupa ya soda kando ya njia ya vumbi. Umeme hauuzwi katika chupa.

Tuingie katika fedha. Petroli tuihesabu kwa Shilingi 5,000 lita moja, na umeme kwa Shilingi 800 uniti moja. Bei hizi hupanda na kushuka, lakini hazipotoshi hesabu. Kwenda Jinja na kurudi ni kilomita 160. Pikipiki ndogo ya petroli itatumia kama lita 4, yaani Shilingi 20,000. Ya umeme itatumia kama uniti 7, ukihesabu na kile kinachopotea wakati wa kujaza, yaani Shilingi 5,600. Ameokoa Shilingi 14,400. Kwa safari 50 za mwaka ameokoa Shilingi 720,000, na juu yake bei ya oili na plagi ambazo hanunui tena. Kama pikipiki ya umeme yenye betri yake imemzidia Shilingi milioni 2, itachukua karibu miaka mitatu kuzirudisha. Kijana wa bodaboda anayetembea kilomita 100 kila siku hufika kilomita 30,000 kwa mwaka, hali huyu wetu hufika 8,000. Faida ambayo bodaboda huipata kwa miezi tisa, mwenye nyumba mbili huingoja miaka mitatu, na muda wote huo betri yake inazeeka hata ikiwa imesimama.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kumwambia kila mtu anunue. Anayeitaka kwa safari ya mwisho wa juma peke yake, na ambaye pikipiki yake ya petroli ingali nzima, na asubiri. Anayetaka kuitumia pia kwenda kazini kila asubuhi, tuseme kutoka Kireka au Bweyogerere mpaka mjini, huyo hesabu yake yabadilika kabisa. Kilomita za kila siku ndizo zitakazolipa bei, na safari ya Jinja itakuwa juu yake tu. Serikali nayo inao wajibu. Imekuwa ikisema mengi juu ya motokaa za umeme tangu Chuo Kikuu cha Makerere kilipotengeneza motokaa ya Kiira mwaka 2011, na huko huko Jinja kumejengwa kiwanda. Ni vema. Lakini soketi chache zenye mita katika Mukono, Lugazi na Njeru, penye vituo vya mafuta vilivyokwisha kuwapo, pamoja na banda la kujikinga mvua, zingewafaa wasafiri wa kawaida mapema kuliko kiwanda chochote, wala hazihitaji fedha nyingi.

Mengine tuyataje kwa kifupi. Pikipiki ya umeme huandikishwa na huwekwa namba kama nyingine. Mpandaji wake hutakiwa kuwa na leseni ya daraja A, bima na kofia ya chuma, wala muuzaji asimdanganye kwamba chombo kisicho na injini hakihesabiwi. Haina mlio, kwa hiyo watoto na wazee wanaovuka barabara Mukono sokoni hawaisikii ikija; honi na itumike. Mvua haiidhuru, lakini kuioshea kwa mpira wa maji wenye nguvu kwaweza kuidhuru.

Aliyekwisha kuyapima hayo yote na bado anaona moyo wake uko kwenye umeme, na aombe jambo moja kabla ya kutoa fedha. Aombe kuipanda pikipiki hiyo kutoka Bweyogerere hadi Lugazi, akiwa na mzigo wake wa kila Ijumaa, kwa mwendo wake wa kila Ijumaa, wakati wa jioni, na asome kipimo cha betri anapoondoka na anapofika. Lugazi iko kama katikati ya safari. Ikiwa betri imebakiwa na chini ya nusu hapo, atakuwa amejibiwa kabla hajalipa hata shilingi moja.